Swali la Gaudens na Gazeti la Awadhi

Wakazi wenzangu wa Kariakoo, sikilizeni yaliyotokea mtaani kwetu mwaka 1958, Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi. Katika nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu walipanga Awadhi, mwenye gazeti dogo la mtaa, na mkewe Sitara. Chumba cha pili alikaa Gaudens, mwenye duka kutoka Kilimanjaro, na mkewe Blandina. Wanawake hao walipika pamoja uani, na mmoja akienda sokoni, mwenzake alimwangalizia chungu.

Jumapili moja, kwenye mkutano wa siasa, Gaudens alisimama akauliza kwa upole: "Sheria inatutaka tuchague watu watatu, wa rangi tatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Viongozi mnatushauri vipi?" Akajibiwa, akashukuru, akaketi.

Awadhi alikuwapo mkutanoni, akayasikia yote. Lakini Jumatatu alichapa kwa herufi kubwa: MCHAGA WA KARIAKOO AWAPINGA VIONGOZI WETU. Jibu akaliacha.

"Mume wangu, kweli Gaudens alisema hivi?" Sitara aliuliza.

"Juma lililopita niliandika habari za maji ya bomba, Sitara. Nani alinunua?"

Siku hiyo gazeti liliisha kabla ya adhuhuri. Alasiri kundi la watu likajaa mbele ya duka la Gaudens.

"Msaliti! Rudi kwenu!"

Mawe yakaanza. Sitara, aliyekuwa ndani akinunua chumvi, alitoka mlangoni akipiga kelele: "Acheni! Hakusema hivyo!" Jiwe likampata jichoni.

Gaudens alimbeba, akapita naye katikati ya watu wale wale waliomtukana, mpaka hospitali. Jicho halikupona.

Alhamisi Awadhi alichapa swali lote na jibu lote, na chini yake maneno haya: "Niliwadanganya. Kosa ni langu." Akampelekea Gaudens, akamkuta anapakia vyombo kwenye mkokoteni, anahamia Magomeni.

Gaudens alisoma taratibu mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, bwana Awadhi. Ndivyo ilivyokuwa." Akamrudishia gazeti. "Ungeandika hivi Jumatatu."

Blandina alimkumbatia Sitara, wakalia wote wawili. Kisha mkokoteni ukaondoka.

FUNZO

Wewe unayewapelekea watu habari za siasa, peleka swali pamoja na jibu lake. Mtaje mtu kwa alilosema, si kwa kabila lake. Nasi wasomaji, habari ikitupandisha hasira, twende kwanza tukamuulize anayetajwa. Gaudens alikuwa dukani kwake siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza.