Vishikio Vyekundu vya Baiskeli ya Shule

Kila alfajiri, saa kumi na moja, binti yangu Yurani alikuwa akikamua ng'ombe wetu wawili, akifunga madumu ya maziwa nyuma ya baiskeli yake kuukuu, na kushuka nayo hadi kwenye tangi la ushirika karibu na daraja. Alivaa mabuti ya mpira, maana barabara ya kijiji chetu, Peñas Frías, ni tope tupu. Lami tumeahidiwa tangu nikiwa kijana. Sasa nina mvi, na lami bado iko kwenye hotuba. Kutoka kwenye tangi alikwenda moja kwa moja shuleni, akanawa miguu mferejini, akavaa viatu na kuingia darasani na wenzake.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Herminda, alikuwa amefariki miaka minne nyuma kwa kupasuka kidole tumbo. Gari la wagonjwa la mji lilikuwepo siku ile, limeegeshwa nyuma ya ofisi ya meya, ila halikuwa na betri. Tangu hapo jina la meya likitajwa mbele yangu hutema mate chini.

Mimi ni fundi baiskeli. Huku milimani kila nyumba ina baiskeli, na kila mtoto anaota mashindano. Shule yetu ilikuwa na baiskeli moja tu ya mashindano, ya bluu, nyepesi kama kikapu kitupu. Wasichana wawili walikuwa wakipanda mlima kwa kasi kuliko wote: Yurani na rafiki yake Maryori Pirazán. Walipokezana baiskeli hiyo, wiki hii inalala kwetu, wiki ijayo kwa kina Maryori. Mwisho wa mwezi wa pili kungekuwa na jaribio, na mshindi angekwenda kushindania nafasi ya kusoma bure katika shule ya bweni ya mkoa. Kwa mtoto wa huku, hiyo ndiyo njia ya kutoka kwenye tope.

Pedali za baiskeli ya namna hiyo huwa na vishikio mbele. Kishikio ni kipande kilichokunjwa kama mdomo wa bata. Unaingiza ncha ya kiatu ndani, unakaza mkanda wa ngozi, na mguu hautelezi hata ukipanda mlima umesimama. Vile vya baiskeli ya shule vilikuwa vimechakaa, kwa hiyo Mwalimu Anselmo alikuja kwenye karakana yangu na wasichana wote wawili, mkononi ana vishikio vipya vya plastiki, vyekundu, vina jina la meya kwa herufi nyeupe.

"Don Belarmino, nifungie hivi," akasema. "Zawadi ya halmashauri."

Nilivikunja kwa vidole, vikanesa. "Mwalimu, hivi ni vya kuchezea. Ninavyo vya chuma pale ukutani, vya zamani lakini vizima. Chuma nakikunja kwa koleo kikamkaa yeyote. Plastiki inachagua mguu."

"Vya chuma vinakwaruza viatu, baba," Yurani akadakia. "Halafu vinalia krii, krii, kama kitanda cha bibi."

Maryori akaangua kicheko. "Na tukifika mkoani watasema wasichana wa Peñas Frías wamekuja na mitego ya panya miguuni!"

"Cheka tu, we mtoto. Umewahi kuona mtego wa panya umevunjika?"

Mwalimu alikuna kichwa. "Naelewa, Don Belarmino. Lakini Daktari Fajardo ameshapiga navyo picha. Anataka vionekane."

Fajardo ni mkuu wa michezo wa halmashauri. Huku kila mwenye tai tunamwita daktari, hata kama hajawahi kumtibu kuku.

"Vifunge, baba," Yurani akasihi. "Vyepesi, vizuri."

Nikavifunga. Nilinung'unika, lakini nilivifunga. Mwalimu akawapa wasichana masharti: baiskeli ni ya mazoezi ya jioni kwa viatu vya michezo vya shule, si ya kubebea maziwa, na kitu chochote kikiharibika aambiwe siku hiyohiyo. Atakayekiuka hatashiriki jaribio.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa kinywa cha Yurani mwenyewe. Wiki ya zamu yake alitaka mazoezi ya ziada, akaanza kushuka na maziwa kwa baiskeli ya shule. Mimi huamka jua likishatoka. Tangu Herminda aondoke, asubuhi zinanishinda, kwa hiyo sikuona. Tatizo likawa mabuti. Viatu vya michezo vilifungiwa kabatini shuleni, na buti la mpira halikuingia katika kishikio.

Huku kwetu kila kitu cha plastiki tunakitengeneza jikoni, kwenye makaa ya mawe. Ndoo imepasuka, dumu linavuja, kisigino cha buti kimeachia, unapasha kisu unaziba, maisha yanaendelea. Yurani alifanya alichotuona sisi watu wazima tukifanya. Alifungua vishikio, akavishika juu ya moto mpaka vikalegea, akapanua midomo yake kwa mpini wa mwiko. Buti likaingia. Siku nne akapanda na kushuka kwa raha zake.

Siku ya tano sakitu ilianguka, umande ulioganda kwa baridi. Majani yote yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Yurani alisukuma buti ndani ya kishikio cha kulia akasikia tak! Pembeni mwa skrubu kulikuwa na ufa, mdogo kama punje ya mchele.

Alijua la kufanya. Alijua pia kwamba akimwambia mwalimu, jaribio limemponyoka. Nyumbani kulikuwa na chupa ya rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu ileile. Akapaka mara mbili, akapuliza, ufa ukapotea. Jumatatu alimkabidhi Maryori baiskeli.

"Mbona unaishika kama unanipa kifaranga?" Maryori akamtania. "Iko sawa?"

"Iko sawa. Usikaze sana mkanda wa kulia tu."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Unabana."

Jaribio lilikuwa Alhamisi, kwenye mlima wa kanisani. Maryori alitangulia. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na wazazi wengine. Alikuja amesimama juu ya pedali, uso mwekundu kwa baridi, anavuta mlima kama mtu mzima. Mbele yetu kabisa kishikio cha kulia kilikatika. Mguu ulichomoka mbele, baiskeli ikalala, na mtoto akaingia nayo kwenye mtaro wa mawe. Mlio wa mfupa niliusikia. Sitausimulia.

Mwalimu alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba dereva amekwenda nalo kuchukua viti vya sherehe ya meya. Tulimlaza Maryori kwenye lori la maziwa, katikati ya madumu, mama yake Doña Otilia amempakata kichwa, na safari ya kwenda hospitali ikachukua saa mbili. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa umetoka nje. Madaktari walisema atatembea, ila huenda akachechemea.

Kesho yake Fajardo alikuja shuleni akatangaza kwamba mtoto aligonga jiwe kwa kutokuwa makini. Mimi nilikuwa nimeokota kipande cha kishikio mtaroni. Nasema kweli, na sijivunii: nilifurahi. Miaka minne nilikuwa nikitafuta kitu cha kuwapiga nacho watu wale, na sasa nilikuwa nacho mfukoni, kina jina la meya juu yake.

Jumamosi mchana nilikaa karakanani nakifuta kwa kitambaa. Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi. Yurani alikuwa ameketi mlangoni na bakuli la supu ya viazi na maharage mapana, hajagusa hata kijiko.

"Kesho watanitambua," nikamwambia. "Nitamwekea Fajardo hiki puani. Plastiki ya takataka wanawapa watoto wetu!"

Nikakigeuza. Mahali palipokatika, plastiki ilikuwa na mawimbi na weupe, kama plastiki iliyoonja moto. Fundi mwenye miaka thelathini kazini hawezi kukosa kuona hilo. Niliona. Nikakigeuza upande mwingine.

"Baba, usiende nacho."

"Niache, mama. Haya ni mambo ya watu wazima."

"Baba, ni mimi."

Akanieleza yote, moto, mabuti, sakitu, rangi ya kucha. Alieleza bila kulia, macho chini. Alipomaliza, swali la kwanza lililonitoka ni hili, na hadi leo linaniaibisha:

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna aliyeona." "Lakini jana nilipanda lori la maziwa nikaenda kumwona Maryori. Akaniuliza, 'Ulijua? Ndiyo maana ulisema nisikaze?' Nikamwambia sikujua. Akageukia ukutani, baba. Hakuniangalia tena mpaka nikaondoka."

Ningeweza kumwambia anyamaze. Ningeshinda kesho yake. Watu wangenipigia makofi, na Fajardo angeona aibu mara moja maishani mwake. Lakini mtoto aliyevunjika mguu alikuwa ameambiwa yeye ndiye mzembe, na binti yangu alikuwa hali chakula.

"Utasema wewe mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nitasimama karibu."

Jumapili ua wa shule ulijaa. Fajardo alizungumzia jiwe lake tena. Alipopumua, Yurani akanyoosha mkono, akasimama.

"Hapakuwa na jiwe. Maryori aliendesha vizuri. Mimi nilitumia baiskeli kubebea maziwa. Nilipasha vishikio motoni ili buti liingie, kimoja kikapata ufa, nikaupaka rangi nikamwambia kiko sawa."

Fajardo akarekebisha tai. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Halmashauri haina kosa lolote. Tufunge mkutano."

"Kaa kwanza, daktari," nikasema. "Mtoto amesema lake. Sema na lako. Gari la wagonjwa lilikuwa wapi?"

"Hilo siyo ajenda ya leo."

Hapo Doña Otilia alisimama. Hakuwa amelala tangu Alhamisi, sauti yake ilikuwa imekauka. "Huyu ana miaka kumi na miwili na amesema mbele yetu sote. Wewe una miaka mingapi?"

Fajardo alitazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, kwamba gari lilikwenda kuchukua viti.

"Sema kwa nguvu!" mtu akapaza sauti. Akarudia.

Siku hiyo iliandikwa karatasi, Fajardo na wazazi wakaitia saini: ufunguo wa gari la wagonjwa utunzwe na muuguzi wa zahanati, na gari lisibebe kitu kingine. Betri yake naikagua mimi kila Ijumaa, kwa sababu siwaamini. Kwenye baiskeli ya shule nilifunga vishikio vya chuma, na Mwalimu Anselmo hakupinga. Yurani aliondolewa kwenye jaribio. Mwaka ule hakuna msichana wa Peñas Frías aliyekwenda mkoani.

Jumatatu nilimpeleka Yurani hospitali. Doña Otilia alitupisha mlangoni bila kutusalimu. Yurani alisimama miguuni pa kitanda akamwambia Maryori ukweli wote, pamoja na uongo wa Ijumaa. Maryori alimsikiliza huku akichezea pindo la shuka.

"Ungeniambia tu," akasema mwishowe. "Ningeendesha ile baiskeli yenu mbovu, na ningekushinda vilevile." Kisha akaanza kulia, na muuguzi akatutoa.

Katika safari ya kurudi, tulipovuka daraja, Yurani akaniuliza.

"Baba, kwani vishikio vya plastiki ni vibaya?"

"Plastiki ni plastiki. Ikitunzwa, ikiendeshwa na mwenye kiatu chake, inafanya kazi yake. Mimi napenda chuma kwa sababu kikichoka kinapinda, na fundi anakiona. Hata plastiki yako ilikuonyesha ufa, mwanangu. Ilikuambia mapema, asubuhi na mapema, hakuna aliyeumia bado. Wewe ndiye uliyeizuia isituambie sisi wengine. Ungekuja na ufa ule karakanani, ningekugombeza nusu saa, na Maryori leo angekuwa anatembea."

Akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Na mimi nilikuwa naelekea hukohuko," nikaendelea. "Niliona alama za moto nikazigeuza upande mwingine, ili nimshinde Fajardo. Ningesimama pale najua, nikanyamaza, ningekuwa na tofauti gani naye? Wale wakubwa wametuumiza, hilo sitaacha kulisema mpaka nife. Lakini mtu anayeficha kosa lake hawezi kumdai mwingine aonyeshe la kwake. Kosa liseme likiwa dogo. Likishakua, halikuumizi wewe peke yako."

"Maryori atanisamehe?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Herminda angejua la kumjibu.

"Sijui," nikamwambia. "Hilo ni lake, siwezi kukuahidi. La kwako ni kusema kweli kuanzia leo, hata kama hatakusamehe."