Kiti cha Watu wa Njiani

Kila siku baada ya masomo, Mbishi alipitia nyumbani kuvua sare, akala harakaharaka chakula alichofunikiwa, kisha akaenda karakana kwa mama yake mkubwa, fundi wa kushona nguo. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Ukimwambia leo kuna jua, atakuuliza mbona kuna wingu. Ndiyo maana akaitwa Mbishi, na jina hilo alilikubali bila ubishi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango mpana, unaotazama barabara iendayo kituo cha mabasi. Ndani mlikuwa na cherehani mbili. Ya dirishani ilikuwa ya Mama Mkubwa, mshonaji wa sare za shule na magauni. Ya ukutani ilikuwa ya Fundi Suti, mwanamume mwembamba aliyevaa futi ya kupimia shingoni hata akienda kula, na ambaye licha ya jina lake alishona suruali zaidi kuliko suti. Kazi ya Mbishi ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa, kushona vifungo kwa mkono, na kupiga bandi, yaani ule mshono mrefu wa kushikiza nguo kabla haijapita kwenye cherehani.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote hakutumwa na mtu. Siku moja alimwona mzee akipita barabarani, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika suruali isianguke, kwa maana kifungo kilikuwa kimetoka. Watu waliokuwa wakipita walicheka. Mbishi hakucheka. Alichukua kiti, akakiweka mlangoni, akaita, "Babu, njoo uketi hapa kidogo." Akamshonea kifungo, mzee akashukuru na kwenda zake akitembea wima.

Tangu hapo kiti hakikuondoka mlangoni. Wa kukatikiwa na mkanda wa mkoba aliketi, wa kufumukiwa na pindo aliketi, na Mbishi aliwashonea kwa mabaki ya uzi aliyopewa na Mama Mkubwa. Hakuwauliza majina wala watokako.

Fundi Suti alikichukia kiti kile.

"Hapa ni mahali pa riziki," alisema. "Leo unamshonea mtu, kesho anapita hapa hata salamu hakupi. Shukrani ya punda ni mateke."

"Kwani mimi nashonea punda, Fundi?"

Mama Mkubwa alicheka, nusura ameze pini alizobana mdomoni. Lakini Fundi Suti hakucheka, na tuseme kweli, hakukosa hoja. "Kazi mbovu ikitoka hapa," alisema, "watu hawatasema Mbishi kakosea. Watasema pale hawajui kushona."

Mama Mkubwa alizitoa pini mdomoni. "Hapo umesema. Kiti kitakaa, lakini siku mtu akipata hasara kwa mshono wako, mwanangu, kitaondoka mlangoni. Umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Mbishi, "na hakitaondoka."

Ikafika wiki ya kufunguliwa kwa shule. Sare zilirundikana mezani, na wazazi walikuja kuulizia za watoto wao kabla hata hazijakatwa. Katikati ya pilikapilika hizo akaja mwanamke mmoja akitweta. Alivaa koti la kijivu, na mfuko wake wa kulia ulikuwa umenasa kwenye mlango wa basi ukachanika, ukaning'inia kama sikio la mbuzi. Puani alikuwa na alama mbili za miwani.

"Samahani, mwanangu. Nimeambiwa hapa yupo anayesaidia watu. Naenda kwenye usaili wa kazi, pale ghala la dawa. Na koti lenyewe ni la wifi yangu, nimeazima."

"Keti, mama. Ni sasa hivi tu."

Fundi Suti alisonya. "Sare zinakungoja huku!"

Mbishi alitaka kumwonyesha kwamba kiti chake hakicheleweshi kazi ya mtu. Alilipakata koti, akahisi kitu kigumu ndani ya mfuko, akakipuuza. Akapiga bandi, mishono mirefu ya kukimbizana, wala hakuingiza mkono ndani ya mfuko kama alivyofundishwa. Ni mtu wa njiani tu, aliwaza, nani atakuja kukagua? Mwanamke alivaa koti lake, akamshukuru sana, akaondoka mbio.

"Umeona, Fundi?" alisema Mbishi. "Hujapepesa hata kope."

Akarudi kwenye sare. Alikuwa ameanza kushona mfuko wa shati la mwanafunzi Mama Mkubwa aliposimamisha cherehani na kumtazama.

"Mkono wako wa kushoto uko wapi?"

"Huu hapa."

"Usiwe hapo. Uwe ndani ya mfuko. Sindano haina macho. Ikikosa kidole cha kuizuia, inashona mbele na nyuma pamoja. Mtoto atataka kuweka kalamu, akute mfuko umezibwa."

Mbishi aliiweka sindano chini. Alikumbuka kile kitu kigumu, akakumbuka na alama mbili puani mwa yule mama.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona, na mtu mwenyewe alikwisha kwenda. Lakini Mbishi hakuzoea kunyamaza hata pale kunyamaza kulipomfaa.

"Mama Mkubwa, nimeziba mfuko wa yule mama. Na nadhani miwani yake imo ndani."

Cherehani ya ukutani nayo ilisimama. Fundi Suti ndiye aliyesema kwanza, na safari hii kwa upole. "Basi mwache. Humjui, hakujui. Umemsaidia ulivyoweza. Kitakachoondoka ni kiti tu."

"Habari za kiti tutazungumza nikirudi," alisema Mbishi. Akachukua mkasi mdogo, sindano na uzi wa kijivu.

"Nenda," alisema Mama Mkubwa. "Na barabara uivuke kwa kuangalia!"

Ghala la dawa lilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, nalo lilikuwa na lango la chuma na mlinzi mnene aliyeketi kivulini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto hawaingii."

"Humo ndani yupo mama mwenye koti la kijivu. Nimemshonea mfuko."

"Sasa kama umeshamshonea, umefuata nini?"

"Nimefuata kuufumua."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikakaa upande. "Haya makubwa! Unashona, halafu unakuja kufumua. Nenda nyumbani, mtoto mzuri."

"Siondoki."

"Nitamwita mkubwa wangu."

"Mwite. Labda yeye atanisikiliza." Mbishi alilishika lango kwa mikono miwili. "Miwani yake imo ndani ya mfuko huo, na mfuko haufunguki. Kazi ya dawa ni kusoma maandishi madogo. Akishindwa kusoma watamkosesha kazi, na kosa si lake, ni langu. Ukinifukuza nitasimama ng'ambo ya barabara nimwite kwa sauti mpaka asikie."

"Na sauti unayo," alisema mlinzi. "Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

Mlinzi aliinuka, akakisogeza kiti chake karibu naye. "Keti hapo. Mimi nimekaa lango hili miaka mingi, sijawahi kuona mtu anafuata kosa lake mwenyewe. Ngoja nimtafute huyo mama."

Alirudi na yule mwanamke. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimevuta mfuko huu mpaka kucha imekatika," alisema. "Naogopa kulichana koti la watu. Nimepewa chupa nisome, naona ukungu mtupu. Nimewaomba wanisubiri kidogo, wanasema wanaonifuata wapo."

"Ni mimi, mama. Nilishona ovyo. Vua."

Mbishi alikata uzi mmoja, wa pili, akauvuta wote. Mfuko ukaachama na kasha la miwani likatoka. Mwanamke alilinyakua, akakimbilia ndani na blauzi yake, koti akaliacha mapajani mwa Mbishi.

Basi Mbishi akalishona upya palepale langoni. Safari hii aliingiza mkono wa kushoto mfukoni na kupiga mishono midogo, akirudia pembeni panapobeba uzito. Sindano ilimchoma kidole, akakinyonya, akaendelea.

"Kumbe unajua kushona," alisema mlinzi akichungulia.

"Nilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana nimeumia."

Mwanamke alipotokea tena, miwani ikiwa puani, alikuwa akitembea kama mtu asiyeamini miguu yake. "Nimesoma zote, hadi herufi za chini kabisa. Wameniambia nipite nyuma nikapimwe koti la kazi."

"Hapa hawampimi koti mtu wa kurudishwa nyumbani," alisema mlinzi. "Hongera, dada."

Mwanamke aliuingiza mkono kwenye mfuko, akautoa, akauingiza tena. "Sitakuficha, mwanangu. Nilikutukana kimoyomoyo."

"Ilikuwa haki yako, mama."

Mbishi aliporudi karakana alimkuta Fundi Suti amesimama kando ya kiti, mikono kifuani. Aliwasimulia yeye na Mama Mkubwa yote bila kupunguza. Fundi Suti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Vizuri amepata kazi. Lakini ahadi ni deni."

Mama Mkubwa alikitazama kiti. Sharti lilikuwa lake mwenyewe.

"Ni kweli," alisema Mbishi. "Tulikubaliana kiondoke mlangoni."

Akakiinua kiti, akatoka nacho, akavuka mtaro, akakisimamisha ukingoni mwa barabara kwenye jua kali. Akaketi. "Kimeondoka mlangoni!" alipaza sauti. "Hapa si karakana, hapa ni barabarani. Ahadi nimetimiza, na watu wa njiani wakinitaka watanikuta huku."

Mama Mkubwa alitoka, akavuka mtaro, akasimama mbele ya Mbishi.

"Usinitabasamie. Sikuja kukusifu. Kosa lako unalijua?"

"Sikuingiza mkono mfukoni."

"Hilo ni kosa la mkono. La moyo je?"

Mbishi, ambaye kila neno alikuwa na jibu lake, alitazama chini. "Nilisema ni mtu wa njiani tu."

"Ehe! Mteja wetu unamshonea vizuri kwa sababu atarudi, na akirudi atasema. Wa njiani harudi. Mshono wake hauna wa kuusimamia ila wewe. Wema wa kulipua, wa kufanya ovyo, ni mbaya kuliko kumwacha mtu alivyo, maana anaumia, na hata kulalamika anaona haya kwa kuwa alipewa bure. Ukimpa mtu usiyemjua, mpe kitu kizima, kile ambacho ungempa anayekujua. Na ukiharibu, mfuate, kama ulivyofanya leo. Hilo usiliache hata uzeeke."

"Sitaliacha."

"Najua. Wewe tena!"

Fundi Suti naye akawa amefika ukingoni mwa mtaro, futi ikining'inia shingoni. "Huko juani utapata maradhi. Rudi ndani na kiti chako."

"Ahadi ni deni, Fundi."

"Anayekudai ni mimi, na nimekusamehe. Ila kila mshono wa mtu wa njiani nitaukagua kwa macho yangu kabla hajaondoka."

"Kagua," alisema Mbishi akiinuka. "Na mimi nitakagua suruali zako."

Akakibeba kiti, akakirudisha mlangoni, tena akakiweka katikati kabisa, pale ambapo hakuna ambaye angepita asikione.