Pasi ya Kubadilishana

Mnyororo ndio uliosikika kwanza. Ktaka, ktaka, ktaka, ukivuta vigari vya watu juu ya reli. Kisha kimya kifupi. Kisha mayowe ya wanaoporomoka. Corinne Pettway hakuinua hata macho. Simu yake ilikuwa inakata roho, na soketi pekee katika kona ile ya bustani ya michezo ya Orlando ilikuwa imekaliwa na chaja ya kijana mrefu, shati lake limejaa maua ya machungwa.

"Chomoa yangu," kijana alisema. "Mimi sina wa kumpigia."

Hivyo ndivyo alivyompata Lionel, kiangazi kilichopita. Corinne alimcheka mchana kutwa kwa kuja bustanini bila mpango, bila mchezo hata mmoja aliouwekea nafasi, akiungua juani kwenye foleni kama mtu asiye na kwao. Jua lilipozama, namba ya Corinne ilikuwa tayari kwenye simu yake.

Mwaka huu walirudi pamoja kwa gari kutoka Georgia, na mpango wote ulikuwa wa Corinne. Alfajiri alikuwa macho, simu puani, akiwinda nafasi. Chakula aliagiza kwa simu kabla njaa haijauma. Alivaa gauni jepesi la manjano na raba nyeupe, betri ya akiba ikining'inia shingoni kama hirizi. Kigari cha mnyororo alikiweka mwisho, wakipande bega kwa bega.

Lakini huyu hakuwa Lionel wa "sina wa kumpigia". Simu yake ililala kifudifudi mezani. Ikitetemeka, aliifunika kwa kiganja kama mtu anayezuia panzi asiruke. Corinne alipouliza, aliambiwa ni kazini. Lionel alikuwa mwalimu wa muziki, na shule zilikuwa zimefungwa.

Baada ya chakula akaaga kwenda kununua maji ya limau. Corinne akafungua kwenye simu ramani iliyowaonyesha kila mmoja alipo. Alama ya Lionel ilisimama kwenye lango la kigari cha mnyororo, kigari chao, na haikubanduka. Alirudi shati limelowa jasho, mikono mitupu.

"Foleni ndefu," alisema.

"Ya limau?"

"Ya limau, mpenzi."

Sasa simu ya Lionel ndiyo iliyokata roho. Akaichomeka kwenye betri ya shingoni mwa Corinne, akasita, akaenda msalani. Ikawaka mkononi mwa Corinne bila yeye kugusa kitu: *Pasi yako ya kubadilishana iko tayari.*

Kanuni za bustani ile alizijua kuliko majina ya shangazi zake. Pasi hiyo hupewa watu wazima waliokuja na mtoto asiyetimiza urefu: mmoja apande, mwingine abaki na mtoto, kisha wabadilishane bila kurudia foleni. Hupewi mpaka mtoto mwenyewe asimame kwenye kijiti cha kupimia.

Lionel aliporudi alimkuta ameinyoosha ile simu.

"Mtoto wa nani?"

Aliitazama, akakaa chini. "Wangu. Josie. Ana miaka sita. Yuko kule na mama yangu."

"Mwaka mzima, Lionel."

"Ulisema mwenyewe Siku ya Shukrani, mezani kwa dada yako. Kwamba ulilea mtoto wa mwanamume uliyekuwa naye zamani, ukamzoea, wakahama bila kukuaga. Ukasema hutampenda tena mtoto ambaye mtu anaweza kuondoka naye."

Kweli, Corinne alisema hivyo. Aliuona ukweli huo na hasira haikupungua. Lionel akamwonyesha ujumbe wa tangu asubuhi, wote wa mama yake. Wa mwisho ulisema: *Mwanangu, joto litaniua. Unamleta huyo msichana, au nikale aiskrimu yangu kwa amani?*

"Mara tatu leo nilitaka kukuambia," alisema. "Nikaogopa kukupoteza."

"Angekuwa mwanamke mwingine ningejua la kufanya," Corinne alisema, akasimama. Lionel alidhani anaelekea kwenye maegesho. Alielekea unakotoka mlio wa mnyororo.

Kwenye kijiti alisimama msichana mwenye shanga za buluu kwenye nywele, akijinyanyua kwa vidole vya miguu. Pembeni, bibi yake, mama mnene mwenye kofia pana, alijipepea kwa ramani.

"Wewe ndiye unayejua kupata nafasi zote?" msichana aliuliza. "Baba aliniambia."

"Mimi ndiye."

"Nimepungukiwa vidole viwili."

"Mwakani utavuka."

"Watu wazima husema mwakani," Josie alisema, "halafu hawaji."

Corinne akageuka kumtazama Lionel, aliyesimama mbali kidogo kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Kesi yao ilikuwa bado mbichi. Akachuchumaa, gauni la manjano likagusa saruji, akaweka kiganja kwenye mstari wa urefu wa kile kijiti, juu ya shanga za buluu.

"Sikiliza, Josie. Nakuahidi: mwakani nitakupima hapa mimi mwenyewe, hata kama siku hiyo mimi na baba yako hatusemezani."