Wiki ya Oktavia Baada ya Mbio

Oktavia aliamka alfajiri kama kawaida. Aliwapikia watoto uji, akafunga kamba za raba zake, akatoka mbio. Alipita mashamba ya viazi na msitu wa miti ya mbao, akarudi watoto hawajamaliza uji. Baridi ya kijijini Matembwe huwafanya wengine wajikunyate ndani ya blanketi. Yeye ilimtia nguvu.

Mama mkwe wake, Kristina, alimtazama akatikisa kichwa.

"Mwanamke mzima, unafukuzwa na nani?"

Kristina hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu. Mwaka jana Oktavia alikimbia mbio ndefu za jijini Dar es Salaam, kilomita arobaini na mbili. Alimaliza vizuri, balaa likaja baadaye. Kesho yake alikaa ndani ya basi siku nzima bila kunyoosha miguu. Aliposhuka Makambako, shemeji yake Romanus alimpokea stendi na dumu la ulanzi. Huku kwetu, pombe hiyo ya mianzi ndiyo pongezi yenyewe. Basi, akanywa. Siku iliyofuata akashika jembe kuchimba viazi, watu wasije wakasema mbio zimemfanya mvivu.

Haikupita siku mbili, mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Alilazwa siku tano. Alipotoka alikwenda kanisani, akapiga magoti, akashindwa kuinuka. Wanawake wawili walimnyanyua, kanisa zima likitazama. Oktavia aliona aibu mpaka akalia.

"Mwaka huu nenda," Kristina alimwambia. "Lakini ukirudi na miguu ile ya mwaka jana, raba hizo nazitia motoni. Tena mbele yako!"

Mika, mume wake, alizitazama raba, akaongeza kuni motoni. Oktavia alijua maana yake: amekubaliana na mama yake.

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yao Zipora, muuguzi wa zahanati.

"Dada Zipora, mbio ndizo zilinilaza?"

"Mbio zilikuchosha," alijibu Zipora. "Yaliyokulaza ni yale uliyofanya baadaye. Ukikimbia sana, misuli inapata vidonda vidogo vidogo kwa ndani. Vinahitaji maji, chakula na usingizi, la sivyo misuli inaharibika na uchafu wake unafanya mkojo uwe mweusi. Wewe ukavipa pombe na jembe!"

Oktavia alicheka, ingawa kwa aibu.

"Sasa nifanyeje?"

"Dar kuna joto, wewe umezoea baridi. Anza taratibu. Kunywa maji kidogo kidogo njiani, usijaze tumbo kwa mkupuo. Ukimaliza usijitupe chini, tembea kwanza. Kisha kula chakula cha kushiba, chenye chumvi kidogo. Usimeze dawa za maumivu kiholela, zinaweza kuumiza figo. Kwenye basi, kila likisimama, shuka utembee. Wiki nzima usikimbie, usilime. Tembea tu polepole. Na ukiona tena mkojo mweusi, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo."

Siku ya mbio, jua la Dar lilichoma kweli kweli. Watu walimpita Oktavia mwanzoni, naye akawaacha waende. Kilomita ya thelathini akaanza kuwapita mmoja mmoja. Alivuka mstari mikono ikiwa juu, akipiga vigelegele mwenyewe. Akavishwa medali shingoni. Kisha akatembea, akanywa maji, akala wali na maharage sahani mbili.

Kesho yake, Makambako, Romanus alikuwa stendi na dumu lake, akamsalimia kwa kilugha.

"Kamwene, bingwa! Kunywa!"

"Kamwene, shemeji. Leo nipe maji."

Romanus alinuna. "Unanidharau mbele za watu?"

"Sikudharau, shemeji. Mwaka jana nilikunywa nikalazwa. Unataka nilazwe tena?"

Romanus alitazama dumu, akamtazama shemeji yake. Kisha akaenda kumnunulia maji.

Nyumbani kulikuwa na mtihani mwingine. Viazi vilikuwa vimekomaa, na lori la mnunuzi lingefika keshokutwa. Mikono ilimwasha Oktavia kwa hamu ya kuchimba. Alinyoosha mkono kuchukua jembe, Mika akaliwahi.

"Wewe kaa," alisema. "Nitachimba mimi na Romanus. Ana nguvu za kubeba madumu, atashindwa magunia?"

Oktavia alilala. Alikula ugali, maharage na mayai. Asubuhi na jioni alitembea hadi kisimani na kurudi, bila ndoo. Siku mbili za kwanza miguu iliuma. Siku ya nne maumivu yakapungua. Mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji.

Jumapili alikwenda kanisani. Watu wakapiga magoti, naye akapiga. Moyo ulimdunda kuliko siku ya mbio. Kristina, aliyekuwa pembeni yake, alinyoosha mkono tayari kumsaidia.

Oktavia aliinuka mwenyewe, mara moja, wima.

Kristina alirudisha mkono wake polepole, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Walipotoka nje, aliinama akazitazama raba miguuni mwa mkwe wake.

"Hizi soli zimekwisha," alisema. "Mwakani utakimbia na nini?"