Paa Jingine la Ilhomjon

Ndugu zangu wa mfereji wa juu, na nyinyi wa mbali mtakaosomewa, wekeni sepetu chini kidogo mnisikilize. Haya kila mtu anayasema nyuma ya ukuta wake, lakini hakuna anayeyasema wazi. Mimi jirani yao nitayasema.

Asubuhi ile mji wetu wa Isfara ulikuwa umetulia. Aprikoti zilizoanikwa juu ya mapaa zilinukia hadi barabarani. Bibi Sharofat alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ua wake, ukuta wa udongo uliojengwa na marehemu mumewe, akipasua matunda na kutoa kokwa. Mkwewe Mohira alikuwa juu ya paa akiyageuza yaliyoanza kukauka. Ndani ya chumba, Ilhomjon, mwana wa Bibi na mume wa Mohira, alikuwa anatukana kompyuta.

Msimcheke upesi. Ilhomjon alikuwa mtu wa mbio, kijana wa kupanda mti mrefu wa popla akiwa na kikombe cha chai mkononi na asimwage. Akaenda Urusi kujenga magorofa, akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi, akarudi na goti lisilokunjika. Binamu yake alipohama akamwachia kompyuta yenye mchezo wa kukimbia juu ya majumba marefu: unaruka paa kwa paa, unakwea ukuta, unaning'inia kwa vidole. Na mkimbiaji humwoni, kwa sababu mkimbiaji ni wewe. Unaona mikono yako tu ikitangulia, na ncha za viatu vyako ukitazama chini.

"Mzee, njoo uone," aliniita siku moja. "Tazama miguu yangu!"

Nikatazama. Alikimbia juu ya bomba jembamba, akaruka pengo lenye upana wa barabara nzima, akashika ukingo wa upande wa pili. Mimi mwenyewe niliyekaa chini nilishika kiti kwa nguvu. Alikuwa anacheka, jasho linamtoka. Tangu arudi sikuwa nimeyaona meno yake.

Lakini palikuwa na mruko mmoja, kutoka mkono wa winchi hadi bomba la mnara, uliomtesa. Vidole viligusa, havikushika. Upepo ukavuma masikioni, kioo kikawa cheusi, naye akarudishwa mbali kule alikoanzia.

"Nimeshika! Si umeona nimeshika? Mashine hii ina uchawi!"

"Basi iache, ukanywe chai."

"Niache sasa, Mzee, na nimefika hapa?"

Majira yote ya kuchipua alikuwa akiishia hapo hapo.

Sasa mwaka huo theluji ya milimani ilikuwa haba, na zamu ya maji ilikuja kwa nadra. Nanyi mnaijua sheria yetu, mtoto anainyonya pamoja na maziwa ya mama: maji ya zamu hayaachwi peke yake. Unasimama nayo, sepetu mkononi, mpaka yapite. Mfereji unapita karibu na ukuta wa ua, na ukuta wa udongo ukilowa miguuni hauna urafiki na mtu.

Basi asubuhi ile Tursunboy, mgawa maji, akapiga kelele kutoka barabarani: "Ilhomjon! Maji yako hayo! Au nikuletee kwa birika, bwana harusi?"

Watu wakacheka. Ilhomjon akatoka akichechemea, akainua ubao unaozuia mfereji, maji yakaingia uani. Akayatazama kidogo. Kisha akaiegemeza sepetu ukutani.

"Mwanangu, simama na maji," mama yake akasema.

"Narudi sasa hivi, mama. Mara moja tu."

Maji yakabeba majani na vijiti, vikaziba mfereji, nayo yakageukia ukuta. Bibi Sharofat aliona viatu vyake vinalowa.

"Ilhom! Maji yamegeuka!"

"Nakuja!"

Alimsikia. Ameniambia mwenyewe kwamba alimsikia vizuri. Lakini alikuwa ameshaanza kukimbia juu ya winchi. Mama akangoja, akaita tena, kisha akainuka na kuichukua sepetu yeye, akainama chini ya ukuta kuchimba njia ya maji.

Mohira, kule juu, alisikia mumewe akipiga ukelele wa furaha: "Nimeshika!" Halafu akasikia ukuta ukiporomoka.

Tulimfukua Bibi kwa mikono. Yu hai, ila nyonga yake imevunjika vibaya, hatasimama tena. Maji ya zamu yote yalikwisha kwenye tope lile. Miti yao ya aprikoti ilidondosha majani kabla ya wakati wake, na sasa mingi ni kuni. Mohira aliwachukua watoto akaenda kwao Konibodom. Nilipomsihi langoni alinijibu, "Mzee, nilimngoja miaka yote alipokuwa Urusi. Akarudi, akakaa chumba cha pili, nami bado nikawa namngoja. Nimechoka."

Mlidhani ameuacha mchezo? Hakuuacha. Kitanda cha mama kimehamishiwa chumbani humo humo, maana hakuna mwingine wa kumgeuza. Juzi niliwapelekea mikate, nikamkuta Bibi anakitazama kioo.

"Hapo wewe uko wapi, mwanangu?"

"Mikono hii ndiyo mimi, mama."

"Na uso wako?"

"Hauonekani."

"Watu je?"

"Hakuna watu."

Bibi akauliza tena, "Lile bomba ulilolishika siku ile. Juu yake palikuwa na nini?"

Ilhomjon hakugeuka. "Paa jingine, mama."

"Na baada ya hilo?"

"Paa jingine."

Nikaweka mikate, nikatoka.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mwenye maumivu hutafuta mahali pa kuyasahau, na kwa hilo simlaumu mtu. Lakini mahali pasipo na uso wa mtu hapamponyi yeyote. Mchezo utakungoja hata mwaka. Maji hayangoji, ukuta haungoji, mke hangoji milele. Na aliyekuzaa akikuita, usiitike kwa mdomo. Itika kwa miguu, hata ikiwa mibovu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi watu wa mfereji tulipaswa kulijua hilo kuliko wote.