Pete Nyekundu za Lubna

"Nani amekata miti yangu?"

Lubna alisimama katikati ya mikoko, matope yamemfika magotini, utepe wa kupimia umemlegea mkononi. Mbele yake vilikuwa visiki vitupu. Alivihesabu mara mbili, akapata thelathini na vinane. Ni miti aliyoipima tangu mwaka juzi, kila mmoja na kibati chake cha nambari. Mwezi uliopita, vibati vilipoanza kuota kutu, aliizungushia pete za rangi nyekundu asije akaipoteza.

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa walimu wa chuo kimoja cha Uholanzi wangemhoji kwa video. Walikuwa na nafasi moja tu ya shahada ya uzamivu, kutafiti mikoko na ardhi oevu za pwani, na waombaji walipita mia. Lubna hakuwa na cha kuwaonyesha ila miti ile.

Akampigia simu Twahir, mchumba wake, katibu wa kikundi chenye kibali cha kukata boriti upande ule wa hori la Kilifi.

"Twahir, watu wako wamekata miti yangu."

"Nimeona, Lubna. Nimeona tangu asubuhi."

"Umeona ukanyamaza?"

"Nilitaka kwanza nijue..."

"Ujue nini? Juzi tu umeniambia miaka minne ya masomo ni mingi, utazeeka ukiningoja. Leo miti haipo. Mimi mtoto mdogo?"

"Wallahi si mimi niliyewatuma."

"Katibu ni nani, kama si wewe?"

Akakata simu. Hakufika mbali, ujumbe ukaingia.

*Nipe siku tatu. Usiwaandikie wale walimu kitu chochote.*

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Siku tatu! Akajibu kwa vidole vyenye matope: *Umeshanijibu. Tusitafutane tena.*

Nyumbani Malindi, mamake, Bi Hindu, alikuwa akichagua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Umemuuliza, au umemhukumu?"

"Mama, kila kitu ki wazi."

"Kwako wewe. Posa ya watu haivunjwi kwa simu, Lubna. Ukitaka kumwacha, nenda ukamwambie uso kwa uso. Na ukifika, muulize."

Jumanne alinuna. Jumatano alinuna tena, huku akiichungulia simu kila baada ya dakika tano, na simu nayo ikakaa kimya. Ungemuuliza angeapa kwamba hangoji ujumbe wa mtu. Alhamisi asubuhi alivaa buibui lake, akaenda Kilifi hadi kwenye uwanja wa kikundi, pale pwani boriti zinapopangwa. Mlangoni alimkuta Kitsao, mkataji wa siku nyingi, ananoa shoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe mwenye rangi?"

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Ndiwe uliyepaka miti?"

"Ndiyo mimi. Nilitaka nisiipoteze."

Kitsao aliweka shoka chini, akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba samaki wamepanda ngazi.

"Mwanangu, huku mti wenye pete nyekundu ni mti uliopitishwa! Askari wa msitu hupaka, sisi hukata. Usio na rangi hatuugusi, hata ukituangukia. Sasa tunafika, tunakuta miti thelathini na minane imenyooka, yote imepakwa. Tukasema leo bwana askari kaamka na moyo mzuri!"

Lubna alihisi uso unamwaka.

"Nilikuwa na kibali cha ofisi ya misitu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ofisi haikati miti. Sisi tunaokata, miaka yote hiyo unapita hapa na buti zako, hukutuuliza hata siku moja."

Ni kweli. Alikuwa akiwapungia mkono tu na kupita.

"Twahir yuko wapi?"

"Nyuma ya ghala, na wazimu wake. Lori limekuja kuchukua mzigo akalirudisha, watu wakamtukana, hakujibu. Sasa anatupimisha majani. Majani, mwanangu! Miaka thelathini nakata mikoko, sijapata kupima jani."

Lubna alizunguka ghala. Twahir alikuwa ametundika mizani ya samaki kwenye boriti, ananing'iniza gunia la matawi, macho mekundu kwa uchovu. Chini miti ilikuwa imelazwa kwa mstari, kila mmoja na kibati chake.

"Nambari kumi na saba," alisema bila kugeuka, akidhani ni Kitsao. "Andika matawi kilo kumi na moja."

"Kumi na moja," Lubna akajibu.

Twahir akageuka. Walitazamana, na kila mmoja alitaka kusema lake.

"Uliniambia tusitafutane," alisema. "Sikukutafuta."

"Unafanya nini, Twahir?"

"Wewe mwenyewe ulinieleza. Mnapima unene wa mti, kisha mnakisia uzito, kwa sababu hamruhusiwi kukata hata mmoja mkaupima kweli. Hii imeshakatwa. Unene wake unao wewe kwenye daftari. Uzito ndio huu."

Lubna alikaa chini palepale, kwenye maganda ya mikoko.

"Mbona hukuniambia?"

"Vibati vingine vilitupwa pamoja na matawi. Singekupa tumaini nisilokuwa nalo. Tumepata miti thelathini na miwili. Sita imenishinda."

"Nisamehe. Kosa la rangi ni langu, nami nikakubebesha wewe."

"Shika kalamu kwanza. Ijumaa ni kesho."

Ijumaa, mwalimu mmoja wa Uholanzi aliinamia kamera yake.

"Uzito huu umeupataje? Nani alikuruhusu kukata?"

Lubna angeweza kupamba maneno. Badala yake aliwaeleza yote: pete, wakataji asiowauliza, mizani ya samaki. Walimu wakaulizana kwa lugha yao kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye barua pepe ikaingia. Nafasi ni yake, miaka miwili kule na miwili huku kwenye mikoko. Lubna akampigia Twahir kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nimepata!"

"Alhamdulillahi. Lubna, kabla hujafurahi nami, nina neno."

"Sema."

"Siku ile nilipoviona visiki, kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Nilisema, basi, haendi tena. Nikakaa juu ya kisiki nikafurahi kabisa. Hukunisingizia yote."

Lubna alisimama dirishani na simu sikioni.

"Ulifurahi mpaka lini?"

"Mpaka maji yalipojaa. Nikaona yanayachukua matawi yenye vibati vyako. Nikaona haya, nikaingia kuyafuata."

"Ungenyamaza, Twahir, nisingejua kamwe."

"Ningejua mimi."

Lubna alilia kidogo, kilio cha mtu anayemjua sasa anayempenda. Kisha akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akaita kwa sauti:

"Mama! Waambie wakina Twahir walete siku. Nataka niende nikiwa mke wake."