Tembo wa Mikonga Miwili

Jumapili, saa mbili asubuhi. Mtaa wa Rhonda.

Masinde alifunga komeo la chumba cha nyuma, akawageukia wenzake wawili kama askari jela. Nje, mabomba ya kuoshea magari yalikuwa kimya. Kamande, mmoja wa hao wawili, hafungui banda lake Jumapili.

"Rudia," alimwambia Nerima.

"Mzee Hiram anaenda kanisa saa tatu na nusu. Anarudi saa saba. Sarafu ziko bedroom, trei ya tatu. Tunachukua moja."

"Moja? Na ako nazo mia mbili?"

"Hizo zingine ziko sawa. Hii imekosewa."

Hapo ndipo Masinde aliposhindwa kumwamini. Nerima alikuwa amefanya kazi ya nyumba kwa Mzee Hiram miaka minne, kule Milimani, na mzee akamfundisha sarafu za pruufu, zile zinazotengenezwa za kutazamwa tu, nyuso zake kioo kitupu. Kila moja hupigwa mhuri mara mbili. Hii ya shilingi ishirini iliteleza kabla ya pigo la pili, tembo akatoka na mikonga miwili. Nerima ndiye aliyeigundua, jicho kwenye lenzi, akisaka kasoro trei baada ya trei. Mzee akampa soda na pakiti ya unga. Mwezi uliofuata akamfuta kazi. Jamani, nani asingekasirika?

"Na hakuna mtu kuigusa," Nerima alisema. "Inakaa kwa kikopo chake cha plastiki. Kidole kimoja tu, imeharibika."

"Na wewe je?"

"Hata mimi. Na hii ni ya mwisho, Masinde. Uliniahidi. Mimi na Kamande tunatoka."

"Tuone kazi kwanza."

Kamande alitabasamu. Yeye ni dereva, mgeni kwenye genge, mchumba wa Nerima. Nerima alimdhamini kwa maneno mawili tu: "Ni wangu."

Saa nne na dakika tano. Milimani.

Kufuli lilikubali upesi. Nerima, kavaa aproni, alipita sebuleni bila kutazama kando. Masinde alimfuata unyounyo. Macho yake hayakuwa kwenye mali, yalikuwa kwenye mikono ya yule mwanamke. Alipoinua kikopo tu, akampokonya.

"Nabeba mimi."

"Beba. Usifungue."

Saa nne na dakika arobaini. Kituo cha petroli, barabara ya Subukia.

Nerima aliingia chooni kuvua aproni. Masinde alitaka kumpigia mnunuzi bila kusikika. Alisita, kisha akamtupia Kamande kikopo.

"Kaa nayo. Huyo bibi yako asiishike."

"Sawa, boss."

Kamande akabaki peke yake na tembo. Juu ya sarafu kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba, ambao sarafu kama hizi huupata kwa miaka. Yeye aliona uchafu. Mtu aliyeosha magari miaka tisa hampelekei mteja kitu kichafu, hilo haliwezekani. Alifungua kikopo, akatia tone la dawa ya kung'arishia rimu kwenye kitambaa, akasugua, akasugua, mpaka tembo akawaka. Akafunga, roho yake nyeupe kabisa. Masikini, alidhani anaongeza bei!

Saa tano na nusu. Kabazi.

Mnunuzi, Micah, alikuwa akingoja ndani ya stoo ya viazi. Aliinamisha lenzi yake. Akakigeuza kikopo kwenye mwanga.

"Nani amesugua hii?"

Micah akawasukumia kikopo.

"Ni mikwaruzo tupu. Kioo kimeenda. Nendeni nayo dukani mnunue mandazi."

Akapanda gari lake, akaondoka. Masinde alitoa bastola, akamwelekezea Nerima.

"Umenichezea. Ile ya ukweli iko wapi?"

"Ndiyo hiyo! Angalia mikonga, iko miwili."

"Wewe ndiye unajua hizi vitu. Umeificha wapi?"

Kamande alikuwa na nafasi yake hapo. Aseme tu: ni mimi, nilikosea. Labda angeng'olewa meno mawili, lakini angeishi. Alikitazama kinywa cha bastola.

"Boss, ni yeye," alisema. "Pale petroli alirudi kwa gari, akasema anaikagua. Nilimwona akibadilisha."

Nerima aligeuza kichwa polepole. Uongo wenyewe haukumshangaza. Kilichomuuma ni jinsi ulivyotoka upesi, kana kwamba Kamande hakuhitaji hata kuutafuta. Alitaka kumlilia, alitaka kumrarua uso. Alipomkaribia, pua yake ikashika ile dawa ya rimu, ikamjia picha yote: kitambaa, mkono, ule mzunguko wa kusugua.

Angeweza kukaa kimya, akafa yeye. Alilifikiria hilo kweli.

"Masinde," alisema. "Nusa vidole vyake."

Masinde alikishika kiganja cha Kamande, akakiinua hadi puani.

"Nilikuwa nasaidia!" Kamande alipiga kelele. "Nerima, mwambie! Kui— Nerima, mwambie nilikuwa nasaidia tu!"

Nerima alilisikia hilo jina la mwanamke mwingine, Kui, akageuza uso. Bastola ililia mara moja, na Kamande akaangukia magunia ya viazi.

Masinde aliitupa sarafu sakafuni, akafuta mikono kwenye suruali.

"Sasa sina dereva," alisema. "Funguo iko kwa mfuko yake."

Nerima alielewa kwamba hatoki tena, leo wala mwakani. Alipiga magoti kando ya Kamande, akatoa funguo, akaenda kuwasha gari.